Wale wa Dawa na Wale wa Maji

Juzi panya aliingia jikoni kwetu mchana kweupe, akapita kando ya gunia la makaa kama mwenye nyumba, akasimama katikati ya sakafu akajipangusa uso. Mimi nilikuwa tayari juu ya kigoda, sketi ya shule nimeikunja mkononi, napiga kelele za kutosha avenue nzima. Bibi akavua kandambili. Kwa wasiomjua, Bibi yangu ameua panya wengi kuliko sumu zote zinazouzwa mtaani kwetu Buyenzi, na hakosi, ukisikia *pa!* jua kuna maiti. Akainua mkono. Mkono ukabaki kulekule juu. Panya akamtazama, yeye akamtazama panya, kisha akairudisha kandambili mguuni polepole na kusema, "Basi, pita. Pita uende zako." Panya akapita. Nikashuka kwenye kigoda nikitafuta utani wa kusema, maana nyumbani kazi yangu ni hiyo, na sikuupata. Bibi alikuwa ameshageukia sufuria, anakoroga maharage ambayo hayakuwa na haja ya kukorogwa.

Tulikuwa tunawaza mwaka uleule, yeye kwa upande wake na mimi kwa wangu: mwaka ambao panya wa mji huu walikuwa jamaa zetu. Sitaanza na ukoo, nani alizaliwa wapi na babu alitoka ng'ambo gani ya ziwa. Hayo waulize wazee wa msikitini, watakukalisha mpaka chai ipoe. Inatosha ujue kwamba nyumbani tulikuwa wanne: Bibi, watoto wake wawili, yaani Mjomba Hamisi, fundi wa injini, na Mama mdogo Zaituni, na mimi, Shamsa, ambaye mafundi wote wa garaji waliniita Klaksoni, honi ya gari, kwa sababu wanazozijua wenyewe. Mama mdogo ndiye aliyewalisha mafundi hao. Kila siku kabla ya adhuhuri ua wetu ulijaa moshi wa ndagala za kukaanga, dagaa wa huku, sombe la kisamvu likichemka, wali ukifunikwa na mfuko wa nailoni ili mvuke usitoroke, na yeye katikati, kitambaa kichwani, akitukana kila aliyekuja na mikono yenye grisi. "We Rama, hiyo mikono ni ya kula ao ya kubadilisha mafuta?" Walimpenda kwa matusi hayo kuliko kwa sombe. Mpaka leo mtu akikaanga ndagala jirani, mafundi wawili watatu hugeuza vichwa kuelekea mlango wetu, halafu wanakumbuka.

Ugonjwa wa Mama mdogo ulikuwa saratani ya titi. Walimkata, ukanyamaza kidogo, ukarudi chini ya kwapa na hasira mpya. Aliporudi kukatwa, daktari wake, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo aliyeitwa Dokta Spesioza, alimwomba kitu ambacho sijawahi kusikia mtu akiombwa: kipande cha uvimbe wenyewe. Alieleza bila kuficha. Watakikata vipande vidogo kama punje za mchele, watavipandikiza chini ya ngozi za panya ambao miili yao haijui kupigana na kitu kigeni, na uvimbe utamea mle ndani kama ulivyomea kwake. Kisha watajaribu dawa mpya ambayo bado haijaingia kwenye mwili wa binadamu yeyote. Nusu ya panya watapewa dawa, nusu maji tu, ili ionekane tofauti. Mama mdogo alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Hao panya, wataumia?" Dokta akasema watawapa dawa ya maumivu, na uvimbe ukizidi kipimo watawalaza usingizi wasiamke. Mama mdogo akasema, "Basi chukua. Mi mwenyewe sikuwa na kazi nayo."

Tatizo likaanzia nyumbani. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Fundi mmoja alikatwa kidole na feni ya injini, na Mjomba Hamisi mwenyewe alikifunga kwenye kitambaa cheupe akaenda kukizika, kidole kile kibaya chenye kucha nyeusi, kwa heshima zote. Sasa dada yake amekatwa nyama na nyama haijarudi. Iko maabara, huko labo, iko kwa panya, na mbaya zaidi, iko hai. Nilimsikia sebuleni akiongea na Bibi, mimi nikiwa nyuma ya pazia najifanya kukunja nguo.

"Mama, mutu anazikwa muzima. Sasa hii namna gani? Nusu iko hapa, nusu iko kwa banyama?"

"Nyamaza, atakusikia."

"Asikie! Ninataka ile nyama irudi. Ninaizika, basi, inaisha."

"Na dawa?" Bibi akauliza. "Panya wakipona, si ndio Zaituni naye atapona?"

Mjomba akarudi garaji. Hapo ndipo nyumba nzima ilikuwa imesimama: panya wakipona, Zaituni atapona. Bibi aliamini hivyo, majirani waliamini hivyo, hata mafundi walikuwa wakiuliza wakipokea sahani, "Panya zinaendelea je?" kama mtu anavyouliza hali ya wakwe. Bibi aliacha kuwapiga wa jikoni. Alisema huwezi kujua nani anamjua nani.

Mimi pia niliamini, mpaka siku Mama mdogo alipodai kuonyeshwa. "Wamebeba nyama yangu, na mi siwajui hata sura," alimwambia Dokta, na Dokta akacheka akakubali. Nilimsindikiza kwa sababu alikuwa anachoka kutembea na kwa sababu Bibi aliniamuru nimchekeshe njiani. Hatukuruhusiwa kuingia, tulisimama kwenye korido mbele ya kioo kinene. Ndani walikuwepo watu wawili waliovaa kama wanakwenda mwezini, na rafu za vizimba vya plastiki, kila kizimba na bomba lake la hewa. Dokta alisema kikohozi cha mtu mmoja kinaweza kuwamaliza wote. Nikaziba mdomo na mikono miwili. Panya wenyewe hawakuwa na manyoya hata kidogo. Wekundu wekundu, wamekunjamana shingoni, masikio makubwa.

"Mama mdogo," nikasema kupitia vidole, "ni Mjomba Hamisi kabisa. Anatoka kuoga."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha mmoja wao akageuka, tukaona ubavu wake. Palikuwa na nundu, ngumu, inang'aa, kubwa kama ncha ya kidole gumba, kwenye mnyama ambaye mwenyewe anatosha kiganjani. Mama mdogo akaacha kucheka. Aliweka mkono chini ya kwapa lake bila kujua kwamba ameuweka.  Nilikuwa nimesikia neno la ugonjwa ule mara nyingi, nilishaosha bandeji zake, lakini sikuwa nimewahi kuuona ukiwa peke yake, bila Mama mdogo, unakula mwili wa mwingine na kunenepa.

"Hawa ni wa dawa ao wa maji?" akauliza.

"Rafu ya juu ni wa dawa. Ya chini ni wa maji," Dokta akasema. Halafu akamgeukia na kuongea polepole, Kifaransa na Kiswahili vimechanganyika, ili kila neno lifike. "Madame Zaituni, nilikuambia toka mwanzo, na leo narudia. Hii dawa, hata ikifanya vizuri hapa, si ya mwaka huu. Itapita kwa wanyama wengine, itapita kwa masomo mengine, ni miaka. Si ya kwako. Unaelewa?"

"Naelewa, Dokta. Toka siku ya kwanza nilielewa."

Mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa. Tulitoka, tukakaa kwenye benchi la simenti nje, chini ya jua kali, yeye na Fanta yake na mimi na yangu ambayo sikuigusa. Nikamwuliza kwa nini basi anamwacha Bibi aamini. Akanitazama kama ninavyotazamwa na mwalimu wa hesabu.

"Bibi anaomba kwa ajili ya panya kila swala. Ukimwambia kweli, ataomba nini?"

"Na mimi? Mi nitafanya nini sasa?"

"We utachekesha. Si ndio kazi yako? Endelea vilevile. Usipunguze, watashtuka."

"Sitaweza."

"Utaweza. We ni klaksoni, hata betri ikiisha inalia." Akanywa, akafuta mdomo. Kisha akasema kitu ambacho nilikibeba mwaka mzima na bado ninacho. "Dada ya Bibi alikufa na hii kitu. Sasa ni mimi. We shuleni hesabu huwezi, lakini hii ya nani anafuata unaweza kuifanya. Niliwapa ile nyama juu ya nani, unafikiri? Juu ya panya?"

Nilitazama Fanta. Nyuki alikuwa ameingia ndani ya chupa, anazunguka.

Kuanzia siku hiyo nilichekesha kama mtu anayekimbizwa. Tukirudi kutoka labo, Bibi alikuwa mlangoni: "Panya?" Nami nilikuwa nimeshawapa majina na tabia. Kulikuwa na Alhaji, asiyegusa chakula kabla ya wengine. Kulikuwa na Madame Direkta, anayeuma wenzake kama mkuu wa lise, shule yetu ya sekondari. Niliigiza wanavyotembea, wanavyonusa, nikatambaa sebuleni kwa magoti, na Bibi akicheka anapangusa machozi na ncha ya kanga. Aliwahi kupika sambusa akazifunga ili tuwapelekee. "Wametubebea mzigo, hatuwezi kwenda mikono mitupu," alisema, na hakuna aliyeweza kumbadilisha mawazo. Kwetu anayekubebea ndoo tu anakula, sembuse hawa. Nilimweleza mambo ya vijidudu, kwamba sambusa moja ingewaua wote. Akanitazama kwa uchungu. "Sambusa zangu? Ziue mtu?" Ikabidi tuzibebe. Walinzi wa labo walikula, wakashukuru, na tulipoulizwa tukasema panya wamefurahi. Mama mdogo alinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikaongeza kwamba Alhaji aliomba pilipili.

Lakini bafuni hakukuwa na mtu wa kumchekesha. Nilikuwa nafunga mlango, nafungua ndoo, na vidole vyangu vinaanza safari bila kuniuliza: kwapa, ubavu, kifua ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kinajifunza kuwa kifua. Kila mfupa ulikuwa uvimbe. Kila tezi ilikuwa punje ya mchele. Darasani mwalimu wa biolojia akisema neno "seli" nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda choo. Wenzangu walidhani nina mpenzi upande wa wavulana. Niliwaacha wadhani, ilikuwa heshima kuliko ukweli. Niliota nundu ile inang'aa kwenye kioo, na kioo ni cha bafuni kwetu.

Habari za labo zilikuja nzuri, na uzuri wake ndio ulionitisha zaidi. Wa rafu ya juu walikuwa wanasinyaa nundu. Baadhi walikonda kwa ukali wa dawa, mmoja akafa, lakini nundu zilikuwa zinarudi nyuma. Bibi aligawa maandazi kwa watoto wa jirani. Mjomba Hamisi mwenyewe, aliyekuwa amenuna toka mwanzo, alileta kuku. Tulikula siku ile sebuleni, sahani moja kubwa, na Mama mdogo akachukua shingo akaitafuna muda mrefu bila kumeza. Alikuwa amekonda mpaka bangili zinapanda kwenye kiwiko.

"Sasa, hiyo dawa anakupa lini?" Mjomba akauliza.

"Karibu," akasema Mama mdogo.

"Karibu gani? Panya wanapona, wewe unakwisha. Kesho nakwenda kumuuliza Dokta."

"Hamisi, apana. Kula."

Mjomba akaniangalia mimi. Nadhani aliona kitu, maana nilikuwa nimeshikilia bawa la kuku hewani na utani haukuwa unakuja. Nikasema Alhaji amepeleka posa kwa Madame Direkta. Bibi alicheka. Mjomba hakucheka.

Baada ya kula nilimsaidia Mama mdogo kurudi kitandani. Chumba chake kilinuka ubani na ile dawa ya kusafishia vidonda. Nilimwekea mto mgongoni. Akafumba macho, nikadhani amelala, kisha akasema, bila huzuni, kama mtu anayetaja avenue anakokaa: "Shamsa, unajua mi niko rafu gani?"

Nikamfunika shuka miguuni.

"Mi niko kwa wale wa maji. Lazima wawepo, Dokta alisema. Bila wao huwezi kujua dawa inafanya kazi." Akafungua jicho moja. "Sasa cheka kidogo, sura yako inanitisha."

Nilicheka. Ni kicheko kibaya kuliko vyote nilivyowahi kutoa, kilifanana na gari lililokosa mafuta, lakini kilimridhisha.

Alifariki siku ya Ijumaa, watu wakiwa wanatoka msikitini, kwa hiyo hakukosa wa kumswalia. Mafundi walifunga garaji zote za avenue yetu, jambo ambalo halijafanyika hata kwa matajiri. Bibi alimwosha mwenyewe pamoja na wanawake wengine. Aliporudi kutoka chumba cha kuoshea alikuwa na uso wa mtu aliyegonga mlango usio wake. Hakuuliza tena habari za panya. Nilijua kwamba alishajumlisha mwenyewe: dawa haikuwa ya Zaituni toka mwanzo.

Dokta Spesioza alikuja kuhani. Alivua viatu mlangoni, akajifunika kichwa na skafu ya kuazima, akakaa mkekani na wanawake, na baadaye akamwomba Mjomba waongee. Walikaa barazani. Nilipeleka chai, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke, nilikaa.

"Dokta," Mjomba akasema, "ile nyama ya dada yangu iko bado?"

"Iko. Kwa panya wachache waliobaki."

"Iko hai."

"Ndiyo."

Mjomba akatazama mikono yake. Alikuwa ameisugua kwa sabuni na mchanga siku ya maziko, na bado grisi ilikuwa kwenye mistari. "Yeye yuko chini ya udongo, na ile kitu inaishi. Dokta, ninalala je mimi?"

Dokta hakuleta maneno makubwa. Alisema yeye pia halali. Alisema vilevile kwamba huenda jambo lenyewe likaisha bila mtu kuamua: umeme unakatika kila siku, jenereta ya labo imebakiwa na mazutu, yaani dizeli, ya kufika kesho labda, na mjini mazutu hakuna. Mashine ya hewa ikizimika, panya hawafiki jioni. Hakuwa anaomba. Alijibu tu alichoulizwa, akanywa chai yake, akatupa pole, akaenda.

Kila mtu kwetu alijua kwamba nyuma ya garaji, chini ya turubai, Mjomba alikuwa na bidoni la mazutu, dumu zima. Alilitafuta mpaka Gatumba, foleni za kulala na kuamka, na alikuwa anamkatalia hata rafiki yake wa kufa na kuzikana. Nilimtazama akiwa amekaa pale barazani. Angekaa tu, asingefanya lolote, na lile jambo lililomnyima usingizi mwaka mzima lingekwisha lenyewe. Nyama ingekufa. Angepumzika. Na mimi nilikuwa nimekaa karibu yake na kwapa langu, na hesabu yangu. Nilitaka kusema. Klaksoni haikulia.

Mjomba akaniangalia muda mrefu. Sijui Mama mdogo alimwambia nini kabla ya kufa, au kama alimwambia. Aliinuka, akajipangusa suruali.

"Njo unisaidie kubeba."

Tulifika labo taksi ikinuka mazutu mpaka dereva anatulaani. Mjomba aliwapa walinzi bidoni wamimine, akageuka kuondoka, kisha akasema, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi, "Mutu anaweza kuona?" Dokta akatupeleka kwenye kioo. Nilimwona Mjomba akiwatazama wale viumbe wenye upara kama wake, nami nilikuwa na utani wa tayari wa mwaka mzima, nikaumeza. Ndani, msaidizi alimshika panya mmoja wa rafu ya juu, akachukua chuma na kukibana taratibu kwenye ubavu wake. Mjomba akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Ilikuwa pie a kulis, kipimo kilekile anachopimia pistoni.

"Anapima na hiyo?"

"Na hiyo," Dokta akasema.

"Mwambie apime tena. Sisi tunapima mara mbili."

Msaidizi akapima tena. Meno ya chuma yalikaribiana kiasi kwamba kati yake palibaki uwazi mwembamba tu. Mjomba akaitikia kwa kichwa polepole, kama anavyofanya injini ikikubali. Kisha akauliza, "Na wa maji?"

Dokta akaonyesha rafu ya chini. Vizimba vyote vilikuwa vitupu, vimeoshwa, vimepinduliwa vikauke.

Mjomba Hamisi alisimama mbele ya vizimba vile akainua mikono akasoma Fatiha. Nami nikainua yangu. Mlinzi aliyekuwa anapita alisimama akatushangaa. "Namsomea dada yangu," Mjomba akamwambia kwa ukali, "si panya." Na njiani kurudi, bidoni tupu likigonga magoti yetu kwenye kiti cha nyuma, akasema akitazama dirishani, "Nyama itarudi ikimaliza kazi. Kaburi haliendi popote."

Haijamaliza. Mpaka leo dawa ile haijapewa binadamu hata mmoja. Dokta anasema bado, na mimi nimejifunza kwamba "bado" ni neno refu. Nimepanga kusoma biolojia, jambo linalomchekesha mwalimu wangu kuliko mzaha wowote niliowahi kufanya darasani. Bafuni vidole vyangu bado vinasafiri. Leo asubuhi vilipita kwapani, ubavuni, vikarudi, nikavipitisha tena, kwa sababu sisi tunapima mara mbili. Hakuna kitu. Nilitoka nikipiga ukelele wa lori linalorudi nyuma, Bibi akanitupia kandambili, kwa shabaha ileile, ikanipata mgongoni, tukanywa chai.